Maswali ya Wasomaji: Tanga ya Mkonge, Reli na Mkwakwani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waliozaliwa katika miji ya viwanda watueleze wanachokikumbuka na wanachojivunia. Zimekuja barua za Morogoro, Mwanza na Thika, nazo zitapata nafasi yake. Lakini barua nyingi kuliko zote zilihusu Tanga, na karibu kila moja, hata ile iliyoanza na habari za karakana au za bei ya saruji, iliishia kwenye uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Kwa hiyo safu ya mwezi huu tumeitoa yote kwa mji huo. Barua tumezifupisha na majina ya walioziandika tumeyahifadhi. Msomaji ajue mapema pia kwamba anayejibu ni mzaliwa wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, kwa hiyo asitegemee mizani iliyo sawa kabisa.

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa reli Tanga kabla ya kuhamia huku kwa ndugu zetu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maisha yake yote alitusimulia mji ambao kila mtu alikuwa na kazi, barabara zimejaa baiskeli, na timu ya mpira ya Coastal Union haifungiki nyumbani. Hivi karibuni niliwachukua wanangu kwenda kuuona. Nilikuta mji mtulivu, msafi, wenye watu wakarimu, lakini mji wa baba sikuuona. Je, ulikuwepo kweli, au mzee alikuwa akiuremba kwa sababu ya kukaa mbali? (Msomaji, Muscat, Oman)

JIBU: Wa alaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Mji huo ulikuwepo. Baba yako hakukudanganya, ila kuna mambo aliyaruka, kama tunavyoyaruka sote tunapowasimulia watoto.

Anza na reli yenyewe aliyoifanyia kazi. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, nayo ndiyo reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Ilikwenda pole pole mno, ikapita Muheza, Korogwe na Mombo, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliingiza miche ya mkonge kutoka Marekani, na mingi ikafia njiani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyojaza nchi kuanzia pwani hadi Korogwe na kwingineko. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na kuongoza dunia nzima. Tanga ndio uliokuwa mlango wa mali hiyo: mabehewa yalishuka na marobota, makuli wakayapakia kwenye matishari, na matishari yakayafikisha kwenye meli zilizotia nanga mbali, kwa sababu gati letu halikuwa na kina cha kuzipokea. Fundi wa reli, kuli wa bandarini, karani wa ghala, mwanamke aliyekaanga mihogo nje ya geti la bandari, wote walikuwa wakila kwa mkonge hata kama hawakuwahi kulishika jani lake.

Baada ya Azimio la Arusha Serikali iliongeza viwanda juu ya msingi huo. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972, kukawa na cha chuma, na mwaka 1980 kile cha saruji kule Pongwe, mbali na vya kamba na sabuni. Hapo ndipo zinapoingia baiskeli za baba yako. Mji wetu ni tambarare, nyumba za kupanga zilikuwa Ngamiani, Mabawa, Makorora na Chumbageni, na viwanda vilikuwa mwendo wa nusu saa ukikanyaga bila pupa. Zamu ilipotoka, barabara ilifunikwa na watu waliovaa ovaroli za rangi moja, kila mmoja amefunga chombo cha chakula kwenye keria, wakiongea kwa sauti kubwa kutoka baiskeli hadi baiskeli. Mwenye gari alisubiri, na hakupiga honi, kwa sababu hata yeye alikuwa na shemeji yake humo.

Sasa yale aliyoyaruka mzee. Mwaka 1967, Serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba, bei ya mkonge duniani ilikuwa imekwisha kuporomoka, kwa sababu wakulima wa Ulaya na Marekani walianza kufungia majani ya mifugo kwa kamba za plastiki. Mashamba yaliyokuwa yakihitaji kupandwa upya hayakupandwa upya. Mitambo ikazeeka. Kufikia mwaka 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000, na kiwanda cha mbolea, ambacho sehemu kubwa ya malighafi yake ilikuja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, kikafungwa mwaka 1991. Ukiiweka tarehe hiyo pembeni ya tarehe ya baba yako kuhamia Muscat, utaona kwamba hakuukimbia mji uliokuwa ukimpa kazi. Yeye na maelfu ya wenzake waliona geti linafungwa, na waliokuwa na ndugu ng'ambo walivuka. Waliobaki walilima, walivua, waliuza mitumba, au walikaa barazani wakisubiri mafao ambayo baadhi yao hawakuyaona.

Kuhusu Coastal Union kutofungika nyumbani, hapo mzee alitia chumvi. Ilifungwa Mkwakwani, na mara nyingine ilifungwa na timu ambazo sitazitaja kwa heshima ya marehemu. Msamehe. Hakuna mtoto wa Tanga ambaye hakusimuliwa hivyo na baba yake.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nimezaliwa Dar es Salaam, lakini wazazi wangu ni Wabondei wa Muheza walioishi Chumbageni miaka mingi. Mimi ni Yanga damu. Coastal Union ilipocheza fainali na Yanga kule Arusha, nilivaa jezi yangu ya kijani na njano sebuleni, na baba akaninunia. Mpaka leo akitambulisha watoto wake kwa wageni, mimi ananiita "huyu wa Jangwani", yaani wa Yanga. Je, nina haki ya kujiita mtu wa Tanga? (Msomaji, Tandika)

JIBU: Marahaba. Haki unayo, lakini mzee naye ana lake.

Fainali unayoisema, ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ilichezwa Julai 2, 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Coastal Union, timu ambayo miaka sita tu kabla ya hapo ilikuwa imeshuka daraja, ilimaliza mchezo kwa sare ya mabao 3 kwa 3 dhidi ya mabingwa wa Ligi Kuu, na mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, ambaye mashabiki wanamwita Sopu. Kwenye benchi alikuwa Juma Mgunda, mtoto wa Tanga, aliyekuwamo katika kikosi kilichochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988. Kisha ikaja mikwaju ya penalti, na kombe likaenda Jangwani. Mtu aliyesubiri jambo hilo zaidi ya miaka thelathini, ambaye kwa dakika kadhaa aliamini kabisa kwamba limefika, akageuza shingo na kumkuta mwanawe mwenyewe akishangilia katika jezi ya upande wa pili! Kununa kwake kulikuwa ni ustaarabu. Wengine wangeficha rimoti.

Hata hivyo, usijione msaliti wa pekee. Kuwa na timu ya nyumbani na timu ya Kariakoo ni desturi ya zamani katika mikoa yote, na Tanga haijawahi kuwa tofauti. Simba au Yanga inapokuja Mkwakwani, jukwaa linagawanyika kwa namna ambayo mgeni hawezi kuielewa: utamkuta mtu aliyelipia kiingilio kuishangilia Yanga, lakini Coastal ikifunga bao zuri anasimama, anapiga makofi mawili, halafu anajikumbuka na kukaa. Wazee wengi wanaokuita wa Jangwani walikuwa na redio zao, na Jumamosi ambayo Coastal haikucheza walijua vizuri sana matokeo ya Dar es Salaam.

Ushauri wangu ni huu. Siku Coastal Union itakapokuja kucheza Dar es Salaam na timu yoyote isiyokuwa Yanga, mnunulie mzee tiketi, nawe ukae pembeni yake bila jezi ya mtu. Ukifika uwanjani mwonyeshe mchezaji mmoja, umuulize nani alikuwa anacheza namba hiyo zamani. Utapata majina, na ndani ya majina hayo utapata mitaa, na ndani ya mitaa utapata ukoo wako nusu nzima. Na fainali nyingine ikitokea baina ya timu hizo mbili, vaa unachotaka, ila si mbele ya mzee.

SWALI: Mimi ni kijana wa Makorora, naendesha bodaboda. Nimechoka. Kila kijiwe cha kahawa nikipita, wazee ni 1988, 1988, kana kwamba mji huu ulikufa mwaka huo. Kiwanda walichokuwa wanafanyia kazi hakipo, ubingwa waliochukua haulipi kodi ya nyumba, na timu yenyewe kila msimu tunaomba Mungu isishuke. Kwa nini tusisahau tu tukaanza upya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kaka, nusu ya barua yako ningeweza kuiandika mimi. Nusu ya pili naikataa, na nitakueleza kwa nini.

Ubingwa wa 1988 haukuwa jambo la kawaida. Ligi ya nchi hii tangu ilipoanza miaka ya 1960 imekuwa mali ya Simba na Yanga, na ukizihesabu klabu za nje ya Dar es Salaam zilizowahi kuwapokonya, utazimaliza kabla kahawa yako haijapoa: Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988, Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000, na nyingine za kuokoteza. Tena utazame zilikotoka. Mtibwa ni timu ya kiwanda cha sukari. Katika miaka hiyo ligi ilijaa majina ya mahali pa kazi: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Tumbaku. Coastal ilikuwa klabu ya wananchi, haikumilikiwa na kiwanda, lakini iliishi katika hewa ileile. Mchezaji mzuri alitafutiwa ajira katika shirika la umma, akapata mshahara, chumba na ruhusa ya kutoka saa tisa kwenda mazoezini. Mashabiki walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, na sehemu ndogo ya mshahara huo ilifika mlangoni Mkwakwani. Mpira ule ulilipiwa na kazi. Wazee wanapotaja 1988 wanataja kombe, kwa sababu kombe linatajika kirahisi, lakini wanachokililia ni ile hali ya kujua kwamba tarehe fulani utalipwa.

Ndiyo maana sikubaliani na kusahau. Ukilifuta kombe hilo, unafuta ushahidi kwamba mji wa makuli, mafundi na wakata mkonge uliwahi kuwa wa kwanza nchini katika jambo ambalo kila mtu alilitaka.

Ninapokuunga mkono ni kwamba kumbukumbu nyingine za wazee wetu ni za bure. Wapo wanaoijua safu ya 1988 kama Al-Fatiha lakini hawajawahi kulipa ada ya uanachama tangu mfumo wa vyama vingi urudi. Wapo wanaosimulia nidhamu ya zamani na kusahau msimu wa 2015/16, ambao ni msimu ninaoona kila mtu wa Tanga anapaswa kuusimulia pamoja na ule wa ubingwa. Mwaka ule mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Coastal iliifunga Yanga mabao 2 kwa 0 hapa hapa Mkwakwani, ikaenda Dar es Salaam na kuitoa Simba katika Kombe la Shirikisho, ikafika nusu fainali. Na nusu fainali hiyo, tukicheza na Yanga nyumbani kwetu, ilivunjika kwa vurugu zilizotoka jukwaani. Msimu ulipokwisha, timu zote tatu za Tanga zilishuka daraja kwa pamoja. Ilikuwa timu yenye uwezo wa kuwafunga wakubwa wote wawili, lakini haikuweza kupata pointi kwa timu za kawaida wiki baada ya wiki, tena ikiwa na madeni na malumbano ya uongozi ambayo kila mtu mjini aliyajua. Kijiweni hayo hayasemwi.

Halafu kuna yaliyotokea baadaye, ambayo wewe ndiye unayeyasahau. Coastal ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ilicheza fainali ya 2022. Msimu wa 2023/24 ilimaliza nafasi ya nne, na kipa wake, Ley Matampi kutoka Kongo, alimaliza akiwa kinara wa ligi nzima kwa mechi alizotoka bila kufungwa. Nafasi hiyo ya nne iliipeleka katika Kombe la Shirikisho Afrika baada ya miongo zaidi ya mitatu ya kukaa nje ya mashindano ya bara, ingawa Bravos do Maquis ya Angola iliitoa mapema. Hayo yametokea ukiwa mtu mzima, na wewe mwenyewe huenda uliwabeba abiria waliokuwa wakienda kuyaangalia. Wazee wana 1988 kwa sababu waliizungumza kila siku mpaka ikawa yao. Vijana wa Makorora hawajaanza kuizungumza 2022.

Kuhusu kazi, sitakudanganya kwamba viwanda vile vitarudi vilivyokuwa. Bandari imeongezwa kina na gati jipya la mita 450, kwa hiyo meli sasa zinafunga pale ambapo zamani matishari yalikuwa yakienda na kurudi. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linamalizikia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba. Ni kazi kubwa, lakini nyingi ni za mkataba mfupi, za mafundi wachache na mitambo mingi. Hazitatoa zamu ya watu wanaofunika barabara kwa baiskeli. Swali la kuwauliza wazee pale kijiweni, badala ya kuwanunia, ni jinsi walivyoyaendesha matawi ya klabu: nani alikusanya ada, nani alitunza daftari, na mchezaji aliyeumia alilishwa na nani. Wakikujibu hayo, utapata kitu cha kukufaa hata kama hakuna kiwanda.

SWALI: Naomba mtumalizie ubishi wa ofisini. Kati ya African Sports na Coastal Union, ipi ilitangulia? Na kwa nini mji mmoja mdogo uwe na timu mbili zinazochukiana hivyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: African Sports ilianzishwa mwaka 1936, Coastal Union mwaka 1948. Aliyekuwa upande wa African Sports, yaani Wana Kimanumanu, ameshinda.

Kuhusu kuchukiana, Tanga ni mji unaopenda kila kitu kiwe na upande wa pili. Kwenye taarabu tulikuwa na Black Star na Lucky Star. Kwenye dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mtu alijulikana kwa upande wake, na nyumba moja iliweza kuwa na pande zote mbili mezani. Mpinzani wa karibu hivyo anakulazimisha uwe bora, kwa sababu ukishindwa hutasikia kejeli redioni. Utaisikia kwa jirani asubuhi, ukifungua mlango. Kuwepo kwa African Sports madaraja ya chini kwa muda mrefu kumeidhuru Coastal zaidi ya mashabiki wa Coastal wanavyokubali.

SWALI: Nimezaliwa katika shamba la mkonge Magunga, Korogwe. Babu yangu mzaa baba alikuja manamba kutoka Kigoma, na hakurudi. Sisi ni Waha, lakini hakuna hata mmoja wetu anayeijua Kigoma. Nilipokwenda kusoma Tanga mjini niliipenda Coastal Union, na nikaambiwa na wanafunzi wenzangu kwamba hao ni Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, na mimi si wa kaya. Sasa ni mama wa watoto watatu, na mwanangu mkubwa anaulizwa maneno yaleyale. Aidha, katika sanduku la marehemu bibi tumekuta kipande cha kazi cha babu, ile kadi ya kuhesabia siku alizofanya kazi. Tukifanyie nini? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Dada yangu, barua yako tumeiweka mwisho kwa sababu nyingine zote zinaitegemea.

Waliokuambia wewe si wa kaya walikuwa watoto, na huenda hawakujua wanachokisema. Lakini watu wazima waliowafundisha walipaswa kujua. Wenyeji wa nchi ile ni Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua, na hakuna anayewanyang'anya ardhi ya mababu zao kwa kulisema hili: wengi wa wenyeji hao, kwa akili timamu, walikataa kukata mkonge. Walikuwa na mashamba yao ya mihogo na minazi, na walijua ugumu wa kazi ile. Hivyo wenye mashamba walitafuta watu mbali, na mwaka 1944 chama chao kikaunda ofisi ya kuajiri, SILABU, iliyowafuata vijana Kigoma, Songea, Mbeya, na hata nje ya mipaka, Burundi na Msumbiji. Walisafirishwa kwa treni na malori, wakapewa namba, na wakaitwa kwa namba hizo.

Kazi yenyewe unaijua kwa kusimuliwa, lakini wasomaji wengine hawaijui. Mkataji aliingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, kwa sababu jua likishapanda joto lililo katikati ya mistari ya mkonge halistahimiliki. Kila jani lina mwiba mweusi nchani, mgumu kama sindano ya gunia, unaolenga usawa wa macho ya mtu aliyeinama. Aliukata mwiba kwanza, kisha jani, akayafunga majani katika matita, na matita akayapanga kwa mita ili yahesabiwe. Kutoka hapo yalikwenda kwenye korona, mtambo unaoponda jani na kuacha singa, ambako maji ya kijani yenye kuwasha yaliwala watu mikono. Singa ikaanikwa, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota. Akimaliza kazi ya siku, mkataji alipigiwa alama moja kwenye kipande, na kipande kikijaa siku 30 ndipo alipolipwa. Siku aliyougua au aliyoshindwa kumaliza haikupigwa alama, na mwezi wake ukarefuka. Kwa alama hizo ndogo ndogo ilijengwa reli yenye mizigo, bandari yenye makuli, na ule mji wenye baiskeli ambao msomaji wetu wa Muscat aliusikia kwa baba yake. Mshahara wa mji mzima ulianzia mikononi mwa watu wa aina ya babu yako.

Na mpira pia. Katika makambi ya mkonge Jumapili ilikuwa siku ya uwanja: Waha kwa Wamakonde, Wanyakyusa kwa Wabena, shamba hili kwa shamba lile, viatu visivyotosha watu kumi na mmoja, na goli la miti ya mkonge mikavu. Kabla hajafika Mkwakwani, kijana mwenye kipaji alionekana kwanza huko. Kwa hiyo mwanao akiambiwa kwamba hana kaya, amjibu kwa upole kwamba kaya hiyo babu yake aliikata jani kwa jani, na kiingilio chake kilikwisha kulipwa kabla hajazaliwa. Kisha anunue tiketi hata hivyo, maana klabu ina madeni.

Kuhusu kipande, kwanza msikipige pasi wala kukitia ndani ya plastiki ya moto, kama wengi wanavyofanya na vyeti; karatasi za wakati ule zinakatika na wino unahamia kwenye plastiki. Kiwekeni kati ya karatasi nyeupe kavu, ndani ya bahasha, mbali na jua na mende. Kipigeni picha pande zote mbili. Pili, wakusanyeni wazee waliobaki Magunga wanaomkumbuka babu, mkawarekodi kwa simu wakieleza alitoka kijiji gani, alifika na nani, alikata au alikuwa korona, na Jumapili alicheza namba gani, na kila sauti iandikwe jina la msemaji na tarehe. Tatu, mkikubaliana kama ukoo, nakala pelekeni makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani, Tanga mjini, ambako vitu vya historia ya mji huu vinatunzwa. Nakala tu, si kipande chenyewe. Na kama mlangoni mtaulizwa kipande cha mkata mkonge kutoka Kigoma kina uhusiano gani na historia ya Tanga, muonyesheni anayeuliza ukurasa huu.